Mbwa Anayekula vya Mezani Hafundishwi kwa Fimbo

Katika nyumba nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, mbwa anayekutwa ametia mdomo kwenye sufuria hupata jibu la aina moja: fimbo, jiwe, au hata maji ya moto. Wanaofanya hivyo si watu wasio na huruma. Mara nyingi ni mama aliyerudi kutoka soko la Kadutu au la Nyawera na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, walionunuliwa kwa fedha ya kuhesabu, akawakaanga, akatoka kumfungulia mgeni lango, na aliporudi jikoni akakuta sahani tupu. Hasira yake ni ya haki. Hata hivyo naamini kwamba kipigo hicho hakimfundishi mbwa lolote kuhusu meza ya jikoni, na kwamba kazi ya kumwachisha tabia hiyo inawahusu wenye nyumba kwanza, kisha mbwa.

Mbwa hujifunza kwa kuunganisha tendo lake na kile kinachofuata mara moja. Anapoweka miguu ya mbele juu ya meza akapata kipande cha samaki, ameshalipwa, na malipo hayo hayafutwi na adhabu inayomfikia dakika kumi baadaye akiwa amelala uani. Adhabu hiyo ataiunganisha na kilicho mbele yake wakati huo: mtu anayemkaribia, sauti inayoita jina lake, mwiko ulioinuliwa. Ndiyo maana wako mbwa wengi mitaani kwetu ambao ukiwaita wanakimbia, ilhali mezani wanapanda kama kawaida. Wapo wanaopinga wakisema kwamba mbwa anajua kosa lake, kwa kuwa anainamisha kichwa na kubana mkia. Mtafiti wa Marekani Alexandra Horowitz alilichunguza jambo hilo katika jaribio alilolichapisha mwaka 2009. Wenye mbwa walikataza chakula, wakatoka, na waliporudi waliambiwa kama mbwa amekula au hakula, ingawa si kila mara walichoambiwa kilikuwa kweli. Sura ile tunayoiita ya majuto ilitegemea kama mbwa alikaripiwa, wala haikutegemea kama alikuwa amekula.

Jaribio jingine linatuhusu zaidi sisi tunaoishi na umeme unaokatika jioni. Juliane Kaminski na wenzake walichapisha mwaka 2013 matokeo yanayoonyesha kwamba mbwa aliyekatazwa chakula hukichukua zaidi gizani kuliko penye mwanga, hata kama mtu yumo chumbani humo humo. Kwa hiyo mbwa aliyefundishwa kwa kuogopa macho ya mtu amejifunza tu kusubiri macho hayo yasimwone, na hapa Bukavu giza halimchelewi.

Kuna jambo ambalo hatupendi kulisema waziwazi: mbwa wetu wengi wana njaa. Tunawafuga ili wabweke usiku, mchana tunawafunga kwa kamba fupi, kisha tunawapa ukoko wa bugali na miba ya samaki baada ya watu wote kushiba, na siku nyingine tunasahau kabisa. Kumtaka mnyama wa namna hiyo apite karibu na samaki wa kukaanga bila kugusa ni kumdai kisichowezekana. Sisemi kwamba familia inayohesabu kila faranga imnunulie mbwa nyama. Bugali uliochanganywa na vichwa vya samaki na maji yaliyowachemsha, bila vitunguu, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yake, unaweza kumtosha kwa sehemu kubwa ikiwa anaupata mara mbili kwa siku, kwa saa zilezile. Mara ya pili iwe kabla ya kuanza kupika chakula cha jioni. Mlo huo wa mapema, ambao haumgharimu mtu chochote cha ziada, hupunguza nusu ya vita ya jikoni.

Nusu inayobaki ni ya meza yenyewe, ambayo kwa muda wote wa mafunzo haipaswi kumlipa hata mara moja. Mchovya asali hachovyi mara moja, na mbwa anayefaulu kwa nadra huendelea kujaribu kwa ukaidi mkubwa kuliko yule aliyezoea kupata kila siku kisha akakosa ghafla. Kwa hiyo kifuniko kizito, kabati linalofungwa na komeo kwenye mlango wa jikoni ni sehemu ya somo. Katika siku za mwanzo atazidisha: atapanda mara nyingi zaidi, atakwaruza kabati, atapindua beseni. Wengi hukata tamaa hapo na kurudia fimbo, ilhali huo ndio wakati tabia yenyewe inapoanza kupungukiwa nguvu. Ni lazima pia watu wote wa nyumba wakubaliane. Mdogo wangu, ambaye ana moyo mwema, huteremsha mkono chini ya meza na kusema, "Yaya, kakipande kamoja tu hakana shida." Kana shida, na kubwa, kwa sababu kakipande hako kanamwambia mbwa kwamba mezani bado kuna tumaini.

Zoezi ninaloliamini kuliko mengine linahitaji sambaza wawili wakavu. Mmoja mfungie ndani ya ngumi ya mkono wa kushoto, mwingine mfiche katika mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Mpelekee mbwa ngumi ya kushoto usawa wa pua yake, wala usiseme neno. Atanusa, atalamba vifundo vya vidole, atasukuma kwa pua, labda atakwaruza kwa kucha. Usiondoe mkono na usimgombeze. Itafika nukta ambapo atarudisha kichwa nyuma, hata kwa upana wa vidole viwili, na kukutazama usoni. Papo hapo msifu na umpe yule wa mkono wa kulia. Wa kushoto hapewi kamwe. Akishazoea kurudi nyuma bila kusukuma ndipo neno "Acha" liingie, kisha ngumi ifunguliwe kuwa kiganja, kiganja kiwe sahani sakafuni, sahani ipande kwenye kigoda na hatimaye mezani. Baadaye mgeuzie mgongo, kisha toka nje umtazame kupitia dirishani. Akishindwa hatua moja, rudi kwenye ile iliyotangulia bila kelele. Sambamba na hilo, tandika gunia karibu na mlango wa jikoni na umpe vitu vyake vyote vizuri akiwa amelala juu yake, na si mahali pengine, ili harufu ya kitoweo imvute kuelekea guniani.

Pilipili inayopakwa kwenye nyama, ambayo majirani huipendekeza sana, naikataa: humuumiza macho na pua, na humfundisha kukwepa nyama ile tu. Na akishanyakua kitu, msimkimbize, hasa watoto. Mbwa anayefukuzwa humeza haraka, na mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa matumbo; anayebanwa pembeni huuma. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu katika nchi yetu, na dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa huyo apate chanjo kwa daktari wa mifugo kabla ya mafunzo, naye akinyakua, mpeni kitu kingine cha kubadilishana.

Siku za harusi, ubatizo au matanga, nyama ikiwa imejaa kwenye mabeseni na wageni wakiingia na kutoka, mlisheni mapema, mfungeni kivulini kwa kamba ndefu mbali na mabeseni, na mpeni mtoto mmoja mkubwa jukumu la kumpelekea maji. Mafunzo yaendelee kesho yake, nyumba ikishatulia.