Udongo wa Majivu ya Volkano: Vijidudu Vina Njaa au Vimekosa Nafasi?

Mkulima anayeishi Dar es Salaam na kulima Tukuyu au miteremko ya Mlima Meru akiingia duka la pembejeo siku hizi, huenda akauziwa chupa ya bakteria kwa maelezo kwamba udongo wake mweusi umepungukiwa vijidudu. Wataalamu wa kemia ya udongo hawafiki huko, lakini nao hukiona kiini cha tatizo kuwa ni njaa: alofani, madini yatokanayo na kuoza kwa majivu ya volkano, huing'ang'ania fosforasi hata mizizi na bakteria wakabaki kugombea masalia. Hoja hiyo ni ya kweli, na yeyote aliyeweka mbolea ya fosfeti kidogo kidogo katika shamba la aina hiyo anaifahamu.

Wale wanaotilia mkazo umbile la udongo hawaikatai fosforasi, ingawa mara nyingi hujibiwa kana kwamba wanaikataa. Wao huuliza kwanza vijidudu vinakaa wapi. Theluthi mbili hivi ya ujazo wa udongo huu, na pengine zaidi, ni uwazi mtupu. Lakini sehemu kubwa ya uwazi huo ni vitundu vyembamba mno, vingi vikiwa chini ya mikromita 0.2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali bakteria wa kawaida ana ukubwa wa karibu mikromita 1. Mboji iliyojificha humo haifikiwi na mlaji, na hii ni sababu mojawapo ya udongo kubaki mweusi miaka nenda rudi. Sababu nyingine ni alumini inayoishikilia mboji hiyo, na hapo wanakemia wana haki yao. Vitundu hivyo pia hushika maji mengi, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Kwa hiyo wakati wa masika bonge linaweza kuwa na hewa ya kutosha nje huku katikati yake bakteria wakiishi bila oksijeni na kuigeuza nitrati, chakula cha mimea chenye nitrojeni, kuwa gesi.

Ila jambo linalonisumbua zaidi ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya udongo huu ukiwa mkavu haizidi gramu 0.9, na si ajabu kukuta gramu 0.6. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ina mita za ujazo 2,000. Kwa gramu 0.6 hizo ni tani 1,200, wakati udongo wa kawaida wenye gramu 1.3 ungefika tani 2,600. Maabara ikitoa idadi ya vijidudu kwa kila gramu, na idadi hiyo ikalingana katika udongo wote wawili, shamba la majivu litakuwa na chini ya nusu ya vijidudu vya shamba lile jingine. Nimeona watu wakilinganisha majedwali ya namna hiyo bila kuuliza uzito, kisha wakabishana kwa saa nzima (na chai ikapoa) juu ya tofauti iliyoletwa na mizani.

Bonge la udongo wa Rungwe nililoliacha juani kibarazani lilikuja likiwa laini, likiteleza vidoleni kama uji mzito nilipolifikicha. Lilipokauka liligawanyika kuwa punje ngumu, na nilipolimwagia maji yalichuruzika kati ya punje bila ule ulaini kurudi. Ndiyo tabia ya alofani: ikikauka kabisa, sehemu ya uwezo wake wa kushika maji hupotea moja kwa moja. Sasa, utaratibu uliozoeleka wa maabara ni kuanika sampuli hadi ikauke, kuiponda na kuichekecha kwa chekeche la milimita 2 kabla ya kupima chochote. Kwa fosforasi huenda madhara yakavumilika. Kwa vijidudu, kinachopimwa baada ya kuulowesha tena unga huo ni uhai wa udongo ambao shambani haupo.