Chemsha Bongo ya Tisa Desemba Itaje Watu

Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru wa Tanganyika, makundi ya WhatsApp hujaa maswali yale yale. Mlima mrefu kuliko yote Afrika ni upi, na una mita ngapi? Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote barani? Tanzanite inachimbwa wapi? Majibu tunayo tangu shule ya msingi: Kilimanjaro, mita 5,895, Tanganyika, Mirerani. Maswali hayo nayapenda, wala sitaki yafutwe. Lakini mlima na ziwa vilikuwepo kabla yetu. Sikukuu hii imeletwa na watu, na naona ni haki yao kutajwa.

Hata Kilimanjaro ina swali lake la namna hiyo: nani alipandisha bendera na mwenge kileleni usiku wa kuamkia Uhuru, mwaka 1961? Ni Luteni Alexander Nyirenda. Kilele alichosimama, Wajerumani walikuwa wamekipa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm. Na nani aliwaita kina mama wa Dar es Salaam kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru, akianzia kwenye vikundi vya ngoma? Bibi Titi Mohamed. Hao wawili kila mtoto wa shule angepaswa kuwajua.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: fuvu la Mtanganyika yupi lilitajwa katika Mkataba wa Versailles? Mkataba huo wa 1919 ulifunga hesabu za Vita Kuu ya Kwanza, ukachora mipaka na kudai fidia. Ndani yake, kifungu cha 246 kikaitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe. Wapiganaji wake waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akajiua ili asikamatwe. Mkataba ulitoa miezi sita, lakini fuvu lilirudi mwaka 1954, mwaka ule ule TANU ilipozaliwa. Aliyelipokea ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge. Kwa jibu moja tu umetoka Lugalo hadi bungeni! Na fuvu lenyewe lipo Kalenga, nje kidogo ya Iringa, mahali ambapo familia inaweza kwenda siku hiyo ya mapumziko.

Kuna pia dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambaye mifupa yake imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin kwa urefu unaozidi mita 13. Tunaulizana urefu wake, tunaulizana kama atarudishwa. Mimi nauliza: nani aliyemchimba na kumbeba? Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wenyeji walichimba chini ya msimamizi wao, Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba mizigo ya mifupa kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na Kusini nzima ilikuwa bado na majeraha ya njaa. Ukijua hilo, huwezi tena kuutazama mnyama yule ukaona mifupa peke yake.

Halafu Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza pamoja na ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa, ili atengeneze aiskrimu. Yake yakaganda kwanza. Aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakuacha. Baadaye, akiwa Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wa shule, mwanafizikia Denis Osborne, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, na wanaliita kwa jina lake.

Kwa hiyo zawadi ya chemsha bongo ya Tisa Desemba nisingempa mtoto anayejibu haraka kuliko wenzake. Ningempa yule atakayeuliza swali kuhusu nchi yetu ambalo watu wazima wote waliopo watashindwa kulijibu.