Integrali Si Derivativi Iliyogeuzwa Kinyumenyume

Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tano, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), alinifungulia daftari lake la Hisabati ya Juu akiomba nimwangalizie swali moja la eneo, lile lililo chini ya y = x² kutoka 0 hadi 3. Mada ya integrali ilianza kwa sentensi iliyopigiwa mstari mwekundu: integrali ni kinyume cha derivativi, yaani cha ile hesabu ya mteremko wa grafu. Chini yake kulikuwa na kanuni ya kuongeza kipeo kwa moja na kugawanya kwa kipeo kipya, kisha mazoezi, na kurasa kadhaa mbele sentensi nyingine, isiyounganishwa na chochote kilichotangulia, ikisema kwamba integrali hiyo hiyo hutoa eneo lililo chini ya grafu. Swali lake alikuwa amelipata, jibu likiwa 9, na kazi yake ilikuwa safi. Nilipomwuliza kwa nini kurudisha nyuma hesabu ya mteremko kulete eneo, alinitazama kwa mshangao: “Mwalimu, si ndivyo integrali ilivyo?”

Jibu hilo limenikera kwa siku kadhaa, na hasira yangu haimhusu yeye hata kidogo. Alirudia alichofundishwa. Kinachoniuma ni kwamba mojawapo ya mambo ya ajabu kuliko yote katika hisabati limegeuzwa kuwa fasili ya mstari mmoja, na fasili haiulizwi kwa nini.

Nyuma ya fasili hiyo kuna maswali mawili, na kwa kuyatazama tu huoni undugu wowote kati yake. La kwanza, la derivativi, linauliza grafu inapanda kwa kasi gani mahali fulani. La pili, la integrali, linauliza sehemu iliyofungwa na mstari uliopinda ina ukubwa gani. Archimedes, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba eneo linalokatwa na mstari mnyoofu kwenye parabola (mkunjo kama wa y = x²) ni 4/3 za pembetatu maalumu iliyochorwa ndani yake, na hakuhitaji derivativi. Wanajimu wa Babeli, kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo, waliandika kwenye vibao vya udongo mwendo wa sayari ya Mshtarii (Jupiter): kasi yake inashuka polepole kutoka dakika 12 za nyuzi (dakika 60 ni nyuzi moja) kwa siku hadi dakika 9 na nusu katika siku 60, nao wakakokotoa eneo la trapeza, umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba, na kupata kwamba imesogea nyuzi 10 na dakika 45. Walijua kwamba eneo chini ya kasi ni umbali, zaidi ya miaka elfu moja na mia sita kabla ya kuzaliwa Newton, mmoja wa waasisi wa hesabu hizi za derivativi na integrali. Mwanahisabati Fermat, katika karne ya 17, alishughulikia maswali yote mawili kwa ustadi bila kuyafunga pamoja katika kanuni moja. James Gregory mwaka 1668 na Isaac Barrow mwaka 1670 walichapisha uhusiano wa maswali hayo mawili kwa sura ya jiometria, naye Leibniz, mwasisi mwingine, katika makala zake za 1684 na 1686, akaupa alama tunazotumia hadi leo. Ile alama ya integrali, ∫, ni herufi S iliyorefushwa, kwa sababu alikuwa akijumlisha. Jambo lililochukua muda mrefu namna hiyo kuonekana haliwezi kuwa maana ya neno.

Na kulionyesha hakuhitaji zaidi ya ubao na chaki. Chora mstari mnyoofu y = 2x. Eneo chini yake kutoka 0 hadi x ni pembetatu yenye kitako x na kimo 2x, kwa hiyo ni x². Tafuta derivativi ya x²: unarudi kwenye 2x, mstari uleule ulioanza nao. Mwache mwanafunzi akae na jambo hilo kidogo, alione kuwa ni la ajabu, kabla ya kumweleza sababu.

Kisha chora y = x², uite A eneo lililo chini yake kutoka 0 hadi x. Sogeza ukingo wa kulia kidogo sana, kwa upana h. Eneo limeongezekaje? Umeongeza ukanda mwembamba wenye upana h na kimo kinachokaribia x². Gawanya nyongeza hiyo kwa h, utabaki na kitu kinachokaribia x², na kadiri h inavyopungua ndivyo tofauti inavyotoweka. Kasi ya kukua kwa eneo ni kimo cha grafu. Hiyo ndiyo sababu yote. Anayetaka eneo anatafuta kitu ambacho derivativi yake ni x², anakipata x³/3, na kutoka 0 hadi 3 kinampa 9.

Asiyeamini apime kwa mkono, akilikata eneo hilo kuwa trapeza zenye upana sawa na kuzijumlisha. Trapeza 3 zinatoa 9.5, trapeza 6 zinatoa 9.125, trapeza 12 zinatoa 9.03125. Mwanafunzi aliyeziona namba hizo zikishuka kuelekea 9 hatasema kwamba integrali ni kanuni ya vipeo. Katika silabasi ya sekondari ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa Kenya, ukadiriaji wa eneo kwa trapeza umewekwa katikati ya derivativi na integrali, mahali panapofaa kabisa, lakini mara nyingi unasomwa kama fomula nyingine ya kutafutia alama.

Nakubali, shingo upande, kwamba mwalimu mwenye darasa kubwa na muhula mfupi analazimika kuchagua, na kwamba bila mazoezi mengi hakuna atakayeweza kuintegreti chochote kigumu. Uthibitisho kamili, pamoja na masharti yake yote, unaweza kusubiri chuo kikuu. Hata ile c, namba isiyojulikana inayoongezwa mwishoni mwa jibu la integrali na ambayo kuisahau kunawanyima watu alama, ingeeleweka upesi, maana kujua kasi ya badiliko hakukuambii ulianzia wapi. Lakini ule ukanda mwembamba hauchukui hata kipindi kimoja.

Watunga mitihani nao wana sehemu yao. Mpe mtahiniwa grafu iliyochorwa kwa mkono, isiyo na fomula yoyote, inayopanda, ikashuka, ikakata mhimili na kwenda chini yake. Mwulize integrali yake, ikihesabiwa kuanzia kushoto, inakua kwa kasi kubwa zaidi wapi, inaacha kukua wapi, inaanza kupungua wapi, naye aeleze sababu. Aliyeelewa atajibu kwa kutazama: pale grafu ilipo juu zaidi, pale inapokata mhimili, na kuanzia pale inapozama chini yake. Swali hilo halihitaji kikokotoo, wala aliyekariri vipeo peke yake hawezi kulijibu.