Pedi ya kuhisi mwendo na gemu za mapigano: lawama imemwendea nani?

Katika vyumba vya gemu vya Mombasa, iwe Majengo au Likoni, ukimtajia mchezaji wa Tekken, gemu ya mapigano, habari za pedi (kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu) inayohisi mwendo wa mkono, jibu huwa ni kwamba hicho ni kitu cha kuchezea watoto sebuleni. Jibu hilo lina sababu zake, na kubwa kuliko zote ni muda. Hata hivyo naona lawama imekiangukia kifaa kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa si lake.

Gemu za mapigano huenda kwa fremu, yaani picha, 60 kila sekunde, hivyo fremu moja haifiki hata milisekunde 17. Katika Tekken, ngumi nyepesi ya kawaida humfikia mpinzani kwa fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Mwenye pedi ya kawaida anabonyeza kitufe kinachoshuka milimita chache tu, ilhali mwenye pedi ya kuhisi mwendo lazima kwanza aurushe mkono, kihisi kipime kasi yake, kisha programu iamue kama ile ilikuwa ngumi au ni mkono uliotikisika tu, na uamuzi huo hauwezi kutolewa kabla mwendo wenyewe haujaanza kuonekana. Zikipotea fremu 4 hapo, hiyo ni asilimia 40 ya muda wa ngumi nzima. Ongeza uchovu wa bega, joto letu, na benchi lililojaa vijana ndani ya chumba chembamba. Desemba 2006, mwezi mmoja hivi baada ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo yenye pedi ya kuhisi mwendo, kuingia sokoni, Nintendo ilitangaza kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2 za kufungia pedi mkononi kwa kuwa zilikuwa zikikatika na pedi kuruka.

Lakini hizo fremu 10 zilipangwa na watu waliofikiria kidole juu ya kitufe. Kumpa mchezaji pedi ya mwendo ndani ya Tekken kisha kumcheka anaposhindwa ni sawa na kumpima mvuvi kwa jembe. Tena wengi wanaikumbuka Wii ya mwanzo, ambayo pedi yake ilipima mchapuko, yaani badiliko la kasi, bila kihisi cha kupima mzunguko wa kifundo cha mkono. Kihisi hicho kiliongezwa mwaka 2009 kupitia MotionPlus, kifaa cha nyongeza kilichochomekwa kwenye pedi.

Itazame ARMS, gemu ya mapigano ambayo Nintendo iliitoa Juni 2017 kwa ajili ya mashine yake ya Switch. Unashika kipande kimoja cha pedi kila mkono, kidole gumba kikielekea juu. Ukirusha mkono wa kulia, ngumi ya mhusika hutoka kwa mkono unaorefuka, na ingali hewani unaweza kukunja kifundo ili ipinde na kumfuata mpinzani aliyekwepa. Mkono wa kushoto nao unaweza kupindisha ngumi yake upande mwingine kabisa, jambo ambalo mwenye vitufe hulikosa, kwa kuwa kijiti kimoja cha pedi ndicho kinachomwongozea ngumi zote mbili. Hapa safari ndefu ya ngumi inameza zile fremu zilizopotea, na ubishi unahamia kwenye kumsoma mpinzani, ambako kwa maoni yangu ndiko uliko utamu wa mapigano. Ni kweli kwamba hata humo kuruka bado ni kazi ya kitufe, na wapo wachezaji hodari wanaopendelea vitufe kwa kila kitu.

Wanaodai kwamba njia rahisi inaharibu ushindani wangetazama Street Fighter 6, gemu nyingine ya mapigano, ya mwaka 2023. Humo anayetoa pigo maalumu kwa kitufe kimoja, bila kuzungusha kijiti, hupunguziwa asilimia 20 ya nguvu ya pigo hilo. Tofauti ya vifaa na mbinu imewekewa bei, na mashindano yanaendelea.

Kwa hiyo wanaoandaa mashindano ya mitaani wasiichanganye pedi hii na Tekken, maana huko fremu zitamwonea anayeitumia. Waweke ARMS kama shindano lake, kila mchezaji achague mwendo au vitufe, na mwenye chumba aache nafasi ya mkono ulionyooshwa kila upande, na asiruhusu raundi ianze kabla kamba hazijafungwa.