"Run" haiishii kwenye kukimbia

Juzi mpwa wangu, yuko kidato cha kwanza, alinionyesha daftari lake la Kiingereza. Walipewa sentensi wazifasiri. "The tap is running" yeye kaandika "Bomba linakimbia." "My uncle runs a shop" kaandika "Mjomba wangu anakimbia duka." Zote mbili zimepigwa kosa kwa kalamu nyekundu, na pembeni hakuna hata neno moja la maelezo. Nikafunua kurasa za nyuma, nikakuta orodha aliyoinakili ubaoni: eat ni kula, run ni kimbia, sleep ni lala. Hiyo imewekewa vema.

"Mjomba, si ndivyo tulivyofundishwa?"

Ndivyo walivyofundishwa, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Mtoto kaadhibiwa kwa kuamini alichoambiwa.

Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa Oxford English Dictionary, ile kamusi kubwa ya Kiingereza, alikaa na kitenzi hiki kimoja kwa miezi 9 hivi, akakifikisha maana 645. Katika toleo la mwaka 1989, lile la juzuu 20, kitenzi kilichoongoza kilikuwa "set" kwa maana 430. Wenye lugha yao wamehitaji muda wote huo kulipanga neno hili, na sisi tunamkabidhi mtoto aliyesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili maana moja, kisha tunamwambia akasomee Biolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Huko atakuta mto "runs" hadi baharini. Mto nao ukimbie?

Maana ya maji wala si nyongeza ya juzi. Kiingereza na Kijerumani ni ndugu, na kwa Wajerumani neno hili lina jamaa yake, "rinnen", ambalo ni kutiririka. Ukianzia hapo, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Bomba likiachwa wazi, maji yanatiririka. Mtoto mwenye mafua, kamasi zinamtoka. Kanga mpya ukiilowesha pamoja na shati jeupe inachuja, na shati linaharibika. Kwa Mwingereza vyote hivyo ni "run", na mtoto yeyote aliyewahi kufua anaielewa ile kanga bila kufafanuliwa.

Kuna kundi jingine, la mashine na kazi. Injini "runs", basi "runs", programu ya kompyuta "runs", na mtu "runs" duka. Hapa Kiswahili tunacho kitenzi kilichopita njia hiyohiyo, tena kwa miguu yetu wenyewe: enda. Saa inakwenda, mashine inakwenda, dereva anaendesha gari, mama anaendesha biashara, mwenyekiti anaendesha kikao. Hata tumbo linaendesha, na Waingereza wenyewe ugonjwa huo huuita "the runs". Mwalimu akiandika "enda, endesha" ubaoni na kuchora mshale kuelekea "run", darasa zima litakuwa limepata nusu ya safari.

Halafu tunayo "piga". Tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, kura, magoti, hodi, picha, soga, na hakuna aliyeumizwa. Mtoto wa darasa la kwanza anayatumia yote hayo bila kukosea. Ina maana uwezo wa kubeba kitenzi chenye sura nyingi tayari anao, ameuleta kutoka nyumbani, na sisi tunamwamuru auache mlangoni. Inaniuma sana hii. Tunawafanya watoto wenye akili wajione wajinga mbele ya lugha ambayo haina ugumu wasiouzoea.

Kwa wanasiasa hata wenye lugha hawapatani: Mmarekani anayegombea "runs", Mwingereza anayewania ubunge "stands". Sisi wote tunagombea.

Najua mwalimu ana darasa limejaa hadi dirishani, ana daftari rundo zima la kusahihisha, na orodha ya neno kwa neno ndiyo inayoandikika haraka. Sawa, nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu kuandika sentensi tatu badala ya orodha ya maneno ishirini hakuchukui muda zaidi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, nayo ipo tangu 1996, na ukiifungua kwenye "run" haikupi kimbia peke yake. Ifunguliwe darasani, watoto waione kwa macho yao.

Na zipo ambazo hazina mlango wa kuingilia. "Run a bath", kujaza maji bafuni ili mtu akaoge. "Run a temperature", kuwa na homa. "Run out of salt", kuishiwa chumvi. Hizo azikariri tu, lakini azikariri sentensi nzima, na chumvi yake ndani.