Mwale mwembamba haujapitwa na wakati

Miongoni mwa wanaofanya uigaji wa kompyuta wa tomografia ya mwangaza wa eksirei (kupata picha ya ndani ya panya kwa chembe zinazowaka zikipigwa na eksirei) hapa Dodoma, hoja moja inapendwa sana: tuachane na mwale mwembamba unaopiga mstari mmoja kwa wakati, tummulike panya mzima kwa mwale wa koni, unaotanuka, kisha algoridhimu isafishe picha. Hoja hiyo ina mashiko. Projeksheni 24 za koni, yaani picha za pembe 24, zinaweza kutosha kwa mwili mzima, na mwanafunzi mwenye laptop tu, asiye na mtambo wala kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, anaweza kuifanya kazi ya algoridhimu hadi mwisho.

Shida iko kwenye mwanga wenyewe. Chembe za nano za gadolini oksisulfidi zilizotiwa europi zikipigwa na eksirei hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 620 hivi. Ndani ya tishu mwanga huo hupoteza mwelekeo baada ya takriban milimita 1. Chembe zikikaa kina cha milimita 10, kamera haipati nukta, inapata wingu pana juu ya ngozi. Kwenye koni zote zinawaka kwa pamoja, mawingu yanaingiliana, na data ileile inakubali majibu mengi. Ndipo tunapoilazimisha hesabu ichague. Kanuni ya Tikhonov, inayopendelea jibu laini, hulitandaza doa la chembe. L1, inayopendelea jibu lenye nukta chache, hulibana likawa dogo kuliko lilivyo, na madoa mawili yaliyokaribiana huwa moja. Mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) uliofunzwa kwa mitungi ya uigaji, yaani miili ya kubuni ndani ya kompyuta, hutoa picha safi ajabu, ila sehemu ya usafi huo imetoka kwenye mitungi, si kwa panya.

Mwale mwembamba, ambao mtafiti Pratx na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliuonyesha mwaka 2010, unakwepa fumbo hilo. Mwanga wowote unaofika kwenye kigunduzi umetoka kwenye mstari uliopigwa wakati huo, hata ukitawanyika vipi. Kina bado kinaufifisha, kwa hiyo kiasi cha chembe lazima kisahihishwe, lakini mahali zilipo panaamuliwa hasa na upana wa mwale.

Wanaoupinga wanasema ni wa polepole na unamuunguza panya kwa mionzi. La kwanza ni kweli. Mwili wa milimita 30 na mwale wa milimita 1 unataka hatua 30. Kwa pembe 6 ni vipimo 180, na kwa sekunde 1 kila kipimo ni dakika 3 kwa kipande kimoja, yaani tabaka moja la mwili. La pili ndilo linalonikera, maana hesabu yake ni rahisi. Zile sekunde 180 haziangukii sehemu moja. Kila nukta hupitiwa mara moja tu kwa kila pembe, yaani sekunde 6 jumla, ukiacha mionzi michache inayotawanyika kutoka pembeni. Koni yenye projeksheni 24 za sekunde 1, kwa nguvu ileile ya mionzi kwa eneo, huipa kila nukta sekunde 24. Ni mara nne! Gharama halisi ya mwale mwembamba ni nusukaputi: vipande 20 ni saa nzima, na panya anapumua muda wote huo.

Mara nyingi picha mbaya ya mwale mwembamba haitokani na algoridhimu. Kitovu cha mzunguko kikihama nusu milimita, nukta moja hupasuka au kujikunja kama mwezi mwandamo, na hakuna thamani ya urekebishaji (nguvu ya Tikhonov au L1) itakayoiponya. Weka kijiti chembamba chenye chembe, piga kwenye digrii 0, zungusha hadi 180, piga tena: kitovu kiko katikati ya vilele viwili. Ingiza namba hiyo kwenye matriki (jedwali la hesabu ya picha) kabla ya kugusa kitu kingine. Toa pia kwenye data picha ya giza (iliyopigwa bila mwanga), na chuja kwa mediani (thamani ya katikati ya nukta jirani) vidoa vyeupe vya eksirei zilizogonga kamera.

Koni ninaipa kazi ya kutangulia. Projeksheni chache zionyeshe ni vipande gani vina chembe, kisha mwale mwembamba upite hapo tu. Vikiwa vitatu, ni dakika 9 badala ya saa nzima, na L1 inabaki na kazi ndogo inayoiweza.