Kwa nini naitetea safari ya Paulie kwenda Napoli

Mzee alikuwa ameshashika rimoti, kidole juu ya kitufe. "Hii turuke," akasema, "ndiyo mbovu kuliko zote." Nikamwomba tusiiruke. Ilikuwa saa tano usiku, zamu yangu imeanza, wenzake wote wamelala, na sehemu ya 4 ya msimu wa 2 wa tamthilia ya The Sopranos ndiyo kwanza inaanza. Jina lake Commendatori.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa New Jersey, jirani na barabara zile zile anazozipita Tony Soprano mwanzoni mwa kila sehemu, anapotoka na gari lake kwenye handaki la Lincoln, sigara kubwa mdomoni, mpaka kwake North Caldwell. Mzee huyu, ambaye jina lake nitalihifadhi, ni mtoto wa Waitalia wa Newark. Usingizi haumjii mapema. Nikishamaliza kuwageuza na kuwabadilisha wasiojiweza, napita chumbani kwake, tunaangalia sehemu moja, tunabishana. Tulianza na ile ya kwanza kabisa, ya Januari 1999, na nia yetu ni kuzimaliza zote 86. Yeye anairudia mara ya nne, mimi mara ya pili.

Kwa ambaye hajaiona: Tony ni bosi wa mafia wa New Jersey aliyeanza kuanguka na kuzirai, akalazimika kwenda kwa daktari wa akili, Dkt. Melfi. Ana mke, Carmela, watoto wawili, na mama, Livia, ambaye nitamrudia. James Gandolfini, aliyeigiza Tony, alifariki Roma mwaka 2013, akiwa na miaka 51 tu. Mpaka leo nikiusikia mlango ukifunguliwa kwenye tamthilia hii nasikiliza kwanza pumzi zake. Alikuwa akipumua kama mtu aliyebeba gunia.

Ukikaa na watu wa huku wanaoipenda, watakutajia sehemu iitwayo Pine Barrens, ya mwaka 2001, ambayo Steve Buscemi aliiongoza: majambazi wawili wamepotea msituni kwenye theluji, wanamtafuta Mrusi waliyeshindwa kumuua. Ni nzuri, sibishi. Mzee yeye anasimama na Whitecaps, ile ya ugomvi wa Tony na Carmela, na nikimwangalia wakati inachezwa naona anaiangalia ndoa yake mwenyewe. Huko simfuati.

Mimi nasimama na Commendatori, na nataka kueleza kwa nini, maana naamini ni sehemu ambayo mtu aliyeacha kwao anaiona kwa macho mengine.

Tony na watu wake wawili wa genge, Paulie na Christopher, wanasafiri kwenda Napoli kwa biashara ya magari ya wizi. Christopher anatangaza kwamba lazima aione volkano ya Vesuvius, kisha anaimaliza safari yote kwenye heroini, hajaona chochote. Tony ana mambo yake. Anayeniumiza ni Paulie. Maisha yake yote amejiita Mwitalia, na sasa ndiyo anakanyaga Italia. Mezani wanamletea tambi zilizopikwa kwa wino wa ngisi, zimekuwa nyeusi tii, yeye anaomba za mchuzi wa nyanya kama za kwao New Jersey, na wenyeji wanamcheka kwa lugha asiyoielewa. Anawapa heshima wanaume waliokaa kwenye mkahawa, "Commendatori!", kama mtu anayewaita waheshimiwa, na hakuna anayemwitikia. Anampata mwanamke wa kulipwa, anagundua kwamba anatoka mji mmoja na babu yake, anafurahi kama aliyempata ndugu, na mwanamke yule hana habari naye. Halafu wanarudi. Kwenye gari kutoka uwanja wa ndege wa Newark, Paulie anaangalia nje, anaangalia viwanda, madaraja na majani makavu ya New Jersey, na uso wake unalegea kwa raha. Akiulizwa safari ilikuwaje, anasema ilikuwa nzuri ajabu, alijiona yuko kwao.

Mzee anasema sehemu hii haina kitu kwa sababu hakuna kinachotokea. Nilimjibu kwamba kwangu mimi kimetokea.

Niliondoka Tanga mwaka 2006. Nilirudi mara ya kwanza 2019, miaka 13 baadaye, kwa harusi ya mdogo wangu. Siku ya pili, alasiri, nikaenda Ngamiani kwenye baraza la kahawa nililokulia, pale ambapo baba alikuwa akicheza bao. Njia nzima nilikuwa nikijipangia watakavyoruka kunishika. Nikafika, nikatoa salamu. Wakaitikia wote, kwa utaratibu, maana kwetu salamu haiachwi hewani. Nikapewa nafasi kwenye benchi, nikapewa kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Kisha mmoja wao, kijana ambaye nilipoondoka alikuwa akicheza gololi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mgeni, unatokea wapi?"

Hapo ndipo Tanga inapoishinda Napoli ya Paulie: mgeni hakosi kahawa. Lakini neno lilikuwa lile lile, mgeni. Nilipojitambulisha kwa jina la baba, wazee wawili walinikumbuka, tukaongea hadi magharibi. Hata hivyo Kiswahili changu kiliwafanya vijana watazamane. Nilisema kitu ni "bomba", nikasema "kichizi", nikaona wanatabasamu. Yalikuwa maneno ya mwaka 2006. Nilikuwa nimeyabeba nilivyoondoka nayo, nikayatunza, wao wameshayatupa zamani.

Waitalia wa huku wana jambo hilo hilo. Kwenye tamthilia utawasikia wakiita capicola, nyama ile ya nguruwe, "gabagool". Mzee wangu naye hutamka hivyo hivyo. Ni matamshi ya kusini mwa Italia waliyokuja nayo mababu, yakabaki hapa midomoni mwa watoto na wajukuu, huku Italia yenyewe ikiendelea na lugha ya shuleni. Aliyeondoka ndiye anayehifadhi, na akirudi na alichohifadhi hakuna anayekipokea. Nilipomweleza Mzee habari ya "bomba" na "kichizi", aliweka rimoti chini. Tuliiangalia Commendatori mpaka mwisho.

Niliporudi Marekani, uwanja huo huo wa Newark, barabara hiyo hiyo, nilitazama nje ya dirisha nikasikia mwili unapumzika. Niliona aibu kubwa kwa hilo. Wenzangu kazini waliponiuliza, niliwaambia hakuna kama nyumbani. Paulie alisema uongo ule ule, nami najua kwa nini aliusema: ukishakiri kwamba kwenu umekuwa mgeni, huna pengine pa kupaelekeza moyo.

Kuna sehemu ambazo ni ngumu kwangu kuziangalia nikiwa na Mzee. Binti yake Tony, Meadow, anamleta nyumbani rafiki yake wa chuo, Noah, Myahudi upande mmoja na Mweusi upande mwingine, na Tony anamfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimtazama Mzee. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kunisimulia Newark ya Julai 1967: dereva wa teksi Mweusi alikamatwa na polisi na kupigwa, mji ukawaka kwa siku kadhaa, watu 26 wakafa. Familia yake ilihama baada ya hapo, kama zilivyohama nyingi. Sikubaliani na namna anavyoisimulia, na nilimwambia hivyo. Yeye anahesabu nyumba walizoziacha Waitalia, nami namuuliza kuhusu watu waliokuwa wakipigwa na polisi kabla ya moto kuwaka.

Lakini kutoka mazungumzo hayo niligundua jambo. Mtaa aliozaliwa yeye ndio ninaoishi mimi sasa. Kutoka kitandani kwake mpaka pale ni nusu saa kwa basi, naye hajakanyaga kwa miaka mingi. Ananiuliza habari zake kama mimi ninavyowauliza wanaotoka Tanga: duka la mkate kwenye kona lipo? Kanisa la St. Lucy's linafunguliwa? Nikampigia picha kanisa kwa simu, asubuhi natoka kazini, jua limegonga ukuta. Aliikuza picha kwa vidole viwili mpaka likabaki jiwe moja tu kwenye skrini. Katika sehemu ya kwanza kabisa Tony anamwingiza Meadow kanisani na kumwambia kwamba babu wa Tony, fundi wa mawe, alilijenga kanisa lile pamoja na nduguye. Mzee hakusema chochote kuhusu babu yake. Aliniomba tu nimwachie simu kwa dakika tano.

Sasa Livia. Nancy Marchand ndiye aliyemwigiza, tayari akiumwa saratani, akafariki Juni 2000. Mwanzoni mwa msimu wa 3 wakamrudisha kwa kompyuta kwa onyesho moja la mwisho. David Chase, aliyeitunga tamthilia, amesema waziwazi kwamba Livia ametoka kwa mama yake mzazi. Tony anamhamishia Green Grove, nyumba ya wazee ya watu wenye fedha. Livia anaiita nyumba ya wagonjwa, Tony anakazana kwamba ni makazi ya wastaafu, na neno hilo wanaligombania tena na tena. Kwa sababu ya Green Grove, na kwa sababu mwanawe anakwenda kumsema kwa daktari, Livia anashiriki mpango wa kumuua mtoto aliyemzaa.

Watanzania wenzangu wa huku wakiiona habari hiyo husema haraka: sisi hatufanyi hivyo, sisi wazee wetu tunakaa nao. Nimelisikia kwenye misiba na kwenye sherehe, na kila mara linanichoma. Kwanza, nyumba za wazee kwetu zipo, Fungafunga pale Morogoro, Sebleni na Welezo kule Unguja, ila zimewekwa kwa wasio na mtu. Pili, na hili ndilo langu, mama yangu anakaa nyumbani Tanga kwa sababu dada yangu aliacha biashara yake ya vitenge ili amwogeshe, ampikie uji na amwamshe usiku. Mimi natuma fedha kila mwisho wa mwezi. Mikono yangu inaogesha mama za watu wengine. Tony naye alikuwa akilipa. Ndiyo maana siwezi kukaa na watu nikamhukumu Tony kwa Green Grove, na siwezi kujisifu kwamba mama hayupo kwenye nyumba ya wazee wakati aliyemweka nje ya nyumba hiyo ni mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Nyumba za hapa zina mashine za kunyanyulia mgonjwa, vitanda vya umeme, dawa kwa saa. Dada yangu ana mgongo wake tu, na unamuuma. Lakini mama huamshwa na adhana na sauti za wajukuu, na jirani akikaanga mihogo, sahani moja inapita ukutani kwake. Hapa kuna mama ambaye mtu wa mwisho kumgusa bila glavu sijui alikuwa nani.

Tumebakiza safari ndefu kufika sehemu ya mwisho, ya Juni 2007, lakini tumeshaanza kuigombania. Tony na familia yake wako Holsten's, mkahawa wa Bloomfield, wanakula vitunguu vya kukaanga vilivyokatwa duara, mlango unafunguliwa, Tony anainua macho, na skrini inakuwa nyeusi. Hakuna muziki, hakuna neno. Usiku ule wengi walidhani kebo imekatika. Watu wa huku bado wanagombana: amekufa, hajafa? Meza ile waliyokaa iliuzwa mnadani mwaka 2024 kwa dola 82,600.

Nilipoiona mara ya kwanza sikushtuka kama wao. Nimekulia kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi mia, watoto sitini mbele ya televisheni moja. Umeme ulikuwa ukikatika hapo hapo stelingi anapokabana na adui. Kelele moja, kisha giza, kisha mtu anaanza: "Stelingi hafi!" Mwingine anabisha, mwingine anasema ameshaiona muvi hiyo Dar, anaisimulia, anaigiza na ngumi. Tulikuwa tukiimalizia wenyewe gizani, kila mtu na mwisho wake, na umeme ukirudi wengine wanasikitika. Mwaka niliouacha mji, 2006, mabwawa yalikauka na mgao ukawa wa saa nyingi kila siku. Muvi ngapi tulizimaliza kwa midomo siwezi kuhesabu. Kwa hiyo kwangu Tony hajafa wala hajapona. Umeme umekatika, na sasa ni zamu ya waliokaa kwenye benchi. Kinachonisikitisha ni kwamba hapa watu wengi walikuwa peke yao sebuleni giza lilipoingia.

Kwa Mzee, Tony amekufa, hataki kusikia vingine. Ana sababu zake nyingi na anazo tayari, nami nazingoja kwa hamu.

Nikitoka kazini alfajiri, Tanga ni mchana, nampigia mama. Nimekuwa nikimsimulia tamthilia hii kidogo kidogo, kama tulivyokuwa tukiwasimulia waliokosa kiingilio. Mauaji hayamgusi. Jana aliniuliza tu: "Yule mama wamempeleka kwenye hiyo nyumba, mwanawe huwa anakwenda kumwona?" Nikamwambia anakwenda, anampelekea makeki, lakini wanaishia kugombana. Akanyamaza kidogo. "Na huyo mzee wako, baba, watoto wake wanakuja?"

Nikamwambia wanakuja Jumapili, sio zote.

"Basi leo usimruhusu aruke," akasema. "Mziangalie zote."